Masale Katikati ya Waridi

Jumamosi ya kwanza Bi. Elinisafi alinikabidhi tambara,
kopo la nta, na onyo:
usiguse piano, meno yake yamelegea.
Nikaanza na ngazi. Mvule mtupu, vidato kumi na tisa,
cha saba hulalamika ukikikanyaga kushoto,
na magoti yangu, magoti ya mstaafu, yakakiitikia.

Miaka thelathini na moja nilipanga barua, posta ya Moshi:
Kibosho huku, Mwika kule, Rombo kwenye gunia lake.
Hapa napanga vibao.
KITI CHA BWANA SHAMBA.
KINU CHA KAHAWA, 1929.
KITANDA. HAIRUHUSIWI KUKAA.
Nyuma, mlangoni pa jiko, kuna kigoda cha miguu mitatu
kilichobonyea katikati kwa uzito wa mtu
ambaye hakuandikiwa chochote.
Nacho nakifuta vumbi.

Wageni huja kwa mafungu.
Watoto wa shule ya msingi, soksi zimeporomoka;
mmoja akauliza, "Choo chao kilikuwa wapi?"
Nilicheka, kisha nikagundua kuwa sijui.
Waliotoka kupanda mlima huvua viatu barazani,
wakapepea malengelenge, wakatafuta kilele walichokiacha jana:
kimejifunika shuka, hakina habari nao.
Bibi harusi mmoja alikuja kupiga picha tu,
akasahau pini mbili kwenye zulia. Ninazo bado.

Lakini bustani ndiyo iliyonishika.
Sebuleni kuna picha, kijivu kama maji ya kuoshea mchele:
bustani, mwaka thelathini na nne.
Waridi limesimama gwaride, njia ya kokoto, mbwa mweupe,
na pembeni mkono ulioshika ndoo.
Mwenye mkono amekatwa na fremu.
"Tunairudisha hivi," alisema Bi. Elinisafi.
Basi tukang'oa, mimi na Ndewirwa, kijana wa chuo cha ushirika:
magugu, maboga, mgomba uliojialika,
mpaka tukafika kwenye masale.

Yalikuwa yamechipua katikati ya waridi.
Ndewirwa akainua jembe. Nikamwambia, ngoja.
Shina la kwanza hapa. La pili hatua tano mbele.
La tatu chini ya kokoto, limeikunja njia kama mgongo wa paka.
La nne lingekuwa sebuleni,
kama sebule isingekuwapo.
Mstari mnyoofu. Mpaka.
Kihamba cha mtu kiliishia hapa, au kilianzia hapa,
kabla ya piano, kabla ya mbwa,
na isale, kila likikatwa, limekuwa likirudi kuuliza.

Bi. Elinisafi akaja, funguo zikimtangulia kwa sauti.
Akatazama mstari. Akatazama picha aliyoishika.
"Humu hayamo," akasema.
"Mwenye ndoo naye hayumo," nikasema, "ila mkono."
Hakunijibu. Kwao ni Kirua;
anajua jani la isale likifundwa hupelekwa kwa nani,
na kwa nini anayepelekewa hawezi kulikataa.
Akapiga piga picha pajani.
"Hebu ng'oeni upande wa pili kwanza."
Kwanza. Neno zuri hilo.
Limekaa wiki ya sita sasa.

Posta tulikuwa na kabati la barua zisizo na mwenyewe.
Mtu alihama, herufi ilipotea, mvua ililamba wino.
Hatukuzichoma upesi. Tulizigeuza geuza kwenye mwanga wa dirisha,
tukimtafuta mtu ndani ya doa.

Leo asubuhi, kabla geti halijafunguliwa,
nimekata kibao cha mvule, saizi ile ile ya vya sebuleni,
nimekipiga msasa, nimekichomeka penye shina la kwanza.
Sijakiandika. Jina silijui.
Nimekiacha hivyo hivyo, kitupu, kikitazama waridi,
nikachukua kopo la nta
nikaenda kusugua kidato cha saba.